Mnara wa Watu wa Kazi

Kabla ya kupanda, zunguka. Ndilo shauri la kwanza ninalompa kila anayeniambia anakwenda Florence na amekwisha kata tiketi ya mnara wa kengele. Wageni wengi hufika uwanjani, huulizia mlango, hupanda wakihema, hupiga picha, kisha hao, wameshuka. Wanaipita bila kuitazama ile sehemu ya mnara inayosema mengi kuliko zote. Iko chini, nje, haina kiingilio, na anaweza kuisoma hata asiyejua neno moja la Kiitaliano.

Kwanza tujue tumesimama wapi. Florence iko Italia ya kati, kando ya mto Arno, na kanisa lake kuu linaitwa Santa Maria del Fiore. Ujenzi ulianza mwaka 1296 kwa ramani ya Arnolfo di Cambio, juu ya kanisa kongwe la Santa Reparata ambalo mabaki ya sakafu na kuta zake bado yanaonekana chini ya ardhi. Mwaka huohuo ikaundwa Opera, ofisi ya kusimamia ujenzi na fedha zake, na ofisi hiyo haijafungwa mpaka leo. Ndiyo inayokuuzia tiketi. Mbele ya kanisa ipo nyumba ya ubatizo ya Mtakatifu Yohane, jengo la pembe nane lililowekwa wakfu mwaka 1059, na humo ndimo alimobatizwa Dante Alighieri. Ukiutazama uso wa kanisa, mnara uko kulia kwako, umejitenga hatua chache tu: mraba wa karibu mita 14 na nusu kila upande, kimo chake karibu mita 85, umevikwa marumaru nyeupe ya Carrara, ya kijani ya Prato na nyekundu ya Siena. Wenyeji huuita mnara wa Giotto.

Neno moja kuhusu uso wa kanisa, tulimalize: usikuchukulie muda mwingi. Ule wa Arnolfo haukukamilika, ukabomolewa mwaka 1587, na kwa karne tatu kanisa likakaa bila uso wa marumaru. Huu unaouona ulimalizika mwaka 1887 kwa ramani ya Emilio De Fabris. Ni kazi ya ustadi, lakini ni kijana mbele ya wazee.

Sasa rudi kwenye mnara. Juu kidogo ya vichwa vya wapita njia, pande zote nne, umezungukwa na vibao vya marumaru vya pembe sita, kila kimoja kimechongwa kisa chake. Hivi vya nje ni nakala. Vyenyewe vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Opera nyuma ya kanisa, na tutavifikia. Anza upande wa magharibi, ule uliosawazishwa na uso wa kanisa. Kibao cha kwanza ni kuumbwa kwa Adamu, cha pili ni Hawa. Mtu angetazamia cha tatu kiwe nyoka na tunda. Aliyepanga vibao hivi hakutaka kusimama hapo. Cha tatu kinawaonyesha wawili hao wamekwisha toka bustanini na wako kazini: Adamu anapiga jembe, Hawa anasokota uzi.

Kutoka hapo msafara wa kazi hauna mapumziko. Yupo Yabali, baba wa wafugaji katika kitabu cha Mwanzo, ameketi hemani na kondoo wake mbele yake na mbwa wake. Yupo Yubali na muziki, Tubal-Kaini na ufuaji chuma, Nuhu na shamba la mizabibu, ingawa Nuhu amelala kwa ulevi karibu na pipa lake. Ukikata kona kuingia upande wa kusini utawakuta mnajimu na anga lake, waashi wakiinua ukuta, mpanda farasi, mtunga sheria, na Daedalus wa hadithi za Wayunani aliyejivika manyoya ili aruke. Mashariki kuna wapiga makasia katika mashua, na mkulima na ng'ombe wake wa kulimia. Kaskazini ni mchongaji na mchoraji, kisha sarufi, falsafa, hesabu, ambavyo vibao vyake vitano vilichongwa na Luca della Robbia miaka ya 1437 hadi 1439, karne moja baada ya wenzake.

Kwenye kibao cha tabibu, upande wa kusini, ninaomba usimame kidogo. Daktari ameketi, ameinua chupa kwenye mwanga, anaitazama. Ndani mna mkojo wa mgonjwa. Ndiyo iliyokuwa maabara ya wakati ule: rangi, utando, mashapo, na jicho la mtu aliyekwisha tazama chupa nyingi. Mbele yake wagonjwa wamesimama na chupa zao, wanangoja zamu. Mchongaji hakumpa tabibu malaika wa kumsaidia wala mwale wa nuru kutoka mbinguni. Alimpa chupa, kiti na foleni.

Na karibu yake, upande uleule, mfumaji. Mwanamke ameketi kwenye kitanda cha mfumi, mikono yake iko kwenye nyuzi, na mwingine amesimama kando akiitazama kazi inavyokwenda. Mbao za kitanda kile zimechongwa kwa uangalifu wa mtu aliyekiona kikifanya kazi, akajua kipi kinashika kipi. Hakuna ajabu. Mfumi ndio uliokuwa chakula cha Florence, na kanisa hili kuu lilijengwa kwa pesa za nguo.

Mwaka 1331 usimamizi wa Opera ulikabidhiwa Arte della Lana, chama cha wenye viwanda na wafanyabiashara wa sufu. Nembo yao ni mwanakondoo mwenye bendera, nawe utaikuta hapa na pale kwenye kuta za kanisa. Sufu bora waliinunua Uingereza, ikasafirishwa mpaka Florence, ikaoshwa, ikachanwa, ikasokotwa na wanawake majumbani, ikafumwa, ikatiwa rangi, ikauzwa kote Ulaya na ng'ambo ya bahari ya Mediterania. Giovanni Villani, mwandishi wa habari za jiji hilo, alikadiria kwamba miaka ya 1330 watu zaidi ya 30,000 waliishi kwa kazi ya sufu. Sehemu ya mapato ya jiji na kodi ndogo ya kila kichwa vilikatwa kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Kwa hiyo mfumaji yule wa marumaru hakuwekwa pale kwa pambo. Yeye na wenzake ndio waliolipa.

Kulipa na kusikilizwa ni mambo mawili. Chama cha sufu kilikuwa cha matajiri wenye mitaji. Wachanaji na wapigaji wa sufu, walioitwa ciompi, walikuwa wakitawaliwa na chama hicho, wakipigwa faini nacho, na hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuunda cha kwao. Julai 1378 walifurika mitaani, wakaiteka serikali ya jiji, wakapewa vyama vipya vitatu, kimoja cha makabwela wenyewe. Haikupita miezi miwili, mwisho wa Agosti, wakapigwa na chama cha ciompi kikavunjwa. Mnara ulikuwa umekwisha kamilika karibu miaka 20 kabla ya hapo. Wale watu waliokuwa wakidai haki zao katika jiji hili walipita chini ya kibao cha mfumaji, ambako kazi yao ilikuwa imekwisha heshimiwa kwa marumaru. Sioni kwamba hilo linapunguza thamani ya kibao. Ninachosema ni kwamba kitazamwe na habari zake zote.

Juu ya vibao vya pembe sita kuna safu ya pili, vibao vya umbo la almasi: sayari, maadili, elimu, na sakramenti za kanisa. Hapo ndipo mpango wa wazee wale unapojitokeza. Mwanadamu akishatoka bustanini anajiinua mwenyewe, kwanza kwa kazi ya mikono, halafu kwa elimu na maadili, halafu kwa neema. Kazi ndiyo iliyowekwa chini kabisa, na msingi ukitoka, vya juu vyote vinakuja chini. Ninapenda kuamini kwamba waliopanga walilijua hilo, kwa maana walikuwa watu wa ujenzi.

Aliyeanzisha mnara hakuwa mwashi kwa jina. Giotto di Bondone alikuwa mchoraji, maarufu kuliko wote wa zama zake, mtu aliyezifanya sura za watakatifu ukutani zilie na kucheka mithili ya watu. Jiji likamteua mwaka 1334 kuwa mkuu wa kazi za kanisa, naye akiwa na umri wa miaka ipatayo 67. Julai mwaka ule msingi ukawekwa. Januari 1337 akafa, na alichokiona kwa macho yake ni daraja ya chini tu. Aliyepokea ni Andrea Pisano, mchongaji ambaye tayari alikuwa ametengeneza milango ya shaba nyeusi ya nyumba ya ubatizo. Sehemu kubwa ya vile vibao ni kazi yake na ya karakana yake. Mwaka 1348 ikaingia tauni. Florence ilipoteza watu wengi mno, yapata nusu au zaidi, na Villani aliyekuwa akiandika habari za jiji naye akafa kwa ugonjwa huo. Kazi ikasimama. Aliyeimaliza ni Francesco Talenti, mwaka 1359.

Watatu hawa hawakuwaza sawasawa, na mnara haufichi. Daraja za chini ni nzito, zimefungika, zina rangi nyingi kama ukurasa wa mchoraji. Za Pisano zinaanza kupokea sanamu kwenye vijumba vyao ukutani. Za Talenti zimefunguka: madirisha marefu yenye nguzo nyembamba zilizosokotwa, mwanga unapita ndani kwa ndani. Talenti alifanya jambo ambalo lahitaji kuelezwa, maana jicho halitaligundua lenyewe. Kila daraja yake ni kubwa kuliko iliyo chini yake. Kitu kikiwa mbali juu huonekana kidogo, basi yeye akakiongeza ukubwa kadiri kilivyopaa, na kwa mtu aliyesimama uwanjani daraja tatu za juu zinaonekana za kimo kimoja. Halafu akachukua uamuzi mwingine: Giotto alikusudia mnara uishie kwa kilele chembamba kilichochongoka, naye Talenti akakiacha, akaweka paa tambarare lenye ukingo mpana. Nimesikia wanaoulaumu uamuzi huo. Mimi siwaungi mkono. Paa lile ndilo linalotupa mahali pa kusimama.

Basi tupande.

Mambo ya lazima kwanza. Vidato ni 414 na lifti hakuna. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kizunguzungu cha mahali pa juu, au asiyevumilia mahali pa kubana, asijilazimishe. Tiketi ya mnara huambatana na ya nyumba ya ubatizo, ya makumbusho na ya mabaki ya Santa Reparata; kupanda kuba ni tiketi nyingine ghali zaidi, na saa yake huwekwa mapema. Ndani ya kanisa na ya nyumba ya ubatizo mabega na magoti yafunikwe. Nenda asubuhi mlango unapofunguliwa, kwa sababu ya miguu yako na kwa sababu ya ngazi zenyewe.

Ngazi hizi zimepitishwa ndani ya unene wa kuta. Pana vipande vilivyonyooka na vipande vya kujizungusha, na vile vya kujizungusha ni vyembamba hivi kwamba mabega mapana yanagusa jiwe huku na huku. Wanaopanda na wanaoshuka hutumia njia hiyohiyo. Ukisikia viatu vinakuja kutoka juu unatafuta mahali pa kujibanza, unaingiza tumbo, mnapeana salamu kwa lugha yoyote iliyopo, mnapishana. Ghafla watu wasiojuana wanakuwa na adabu kubwa. Mzee anapewa nafasi ya kupumua, mtoto anashikwa mkono na mtu asiye wa kwao. Katikati ya vidato pamelika, pamekuwa bonde dogo la kung'aa, na mguu unajua wenyewe pa kukanyaga. Mwanga huingia kwa vitundu vyembamba ukutani. Kila kitundu kinakupa kipande cha jiji, ukuta wa kanisa mwanzoni, paa baadaye, mlima mwishoni.

Mnara haukuchoshi kwa mkupuo. Njiani kuna sakafu za kupumzikia, vyumba vikubwa vyenye madirisha ya Talenti, na upepo unapita humo hata siku ya joto kali la Julai. Hapo mtu hujifuta jasho, akashika nguzo iliyosokotwa ambayo kutoka chini aliiona nyembamba mithili ya uzi, akakuta ni nene kuliko paja lake. Ujanja wa Talenti unaeleweka kwa kiganja kabla ya kueleweka kwa akili.

Kengele ziko juu, zimening'inia kwenye mbao zao. Kubwa kuliko zote inaitwa Santa Reparata, kwa jina la kanisa kongwe lililo chini ya ardhi, nayo ilimiminwa mwaka 1705. Nyingine nyingi ni za miaka ya 1950. Ikiwa zitalia ukiwa ndani, sauti haiingii masikioni peke yake. Jiwe lenyewe linatetema, na kifua kinapokea. Mji wa zamani uliishi kwa sauti hiyo: kuamka, kusali, kufunga kazi, kumzika mtu, kukimbilia moto. Aliyekuwa na kengele alikuwa na siku ya watu mikononi mwake, na ndiyo maana miji ya Italia iligharimia minara kwa wivu na mashindano.

Juu kabisa paa limezungushiwa wavu wa chuma kwa usalama. Sogea karibu ili matundu yasikate picha ya jicho, kisha geukia mashariki.

Kuba la Filippo Brunelleschi liko mbele yako, karibu usawa wako, karibu kiasi cha kuona watu waliosimama juu yake wakikutazama nawe. Hii ndiyo sababu yangu ya kumwambia mwenye nguvu ya kupanda mara moja tu achague mnara. Kutoka kwenye kuba unaona kila kitu isipokuwa kuba. Kutoka hapa unaliona lote, na ukiliona lote unaanza kuelewa ni kwa nini watu walilichukulia kuwa haliwezekani. Kanisa lilikuwa limejengwa kwa miongo mingi likiwa na tundu la pembe nane juu ya madhabahu, upana wake yapata mita 45, na hakuna aliyejua litafunikwaje. Njia ya kawaida ilikuwa kusimamisha kwanza fremu kubwa ya mbao chini, ya kushikilia matofali hadi chokaa ikauke. Miti ya kujaza nafasi ile na kufika kimo kile ingetoka wapi?

Brunelleschi, ambaye alifunzwa ufundi wa kuchonga dhahabu, alisema atajenga bila fremu hiyo. Kazi ilianza mwaka 1420 na kuba likafungwa mwaka 1436. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na nafasi kati yake ambamo leo wageni hupanda vidato 463. Akayafunga kwa mikanda ya mawe na chuma iliyozunguka ndani ya ukuta ili uzito usiyatanue. Matofali yanakadiriwa kupita milioni 4. Kadiri ukuta ulivyoinamia ndani, tofali jipya lilitaka kuteleza kabla chokaa haijashika. Dawa yake ilikuwa kusimamisha matofali kadhaa wima kati ya yale ya kulala, kila mstari ukisogea kidogo pembeni ya ule wa chini, hata mistari hiyo ikapanda kwa kujizungusha kuelekea kileleni. Atazamaye ukuta ule kwa karibu huona msuko, ukili ulioshonwa kuwa mkeka. Tofali la wima hulibana la kulala lisiteleze. Mzunguko ukifunga, unajibeba wenyewe. Waashi wanapanda hatua nyingine. Kupandishia mizigo alibuni mashine ya kuzungushwa na ng'ombe, yenye meno ya kubadilisha mwelekeo, mzigo ukapanda au ukashuka bila ng'ombe kugeuzwa.

Watu waliojenga hawakuwa na jina kubwa kama lake. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba waashi walipogoma wakidai ujira zaidi, aliwafukuza, akawafundisha kazi mafundi wachache kutoka Lombardia, na wenyeji waliporudi kuomba kazi akawachukua kwa malipo ya chini kuliko ya kwanza. Kisa hicho husimuliwa kwa kumsifu kwa werevu. Mimi nikisimama juu ya mnara ambao miguuni pake waashi wamechongwa wakiinua ukuta, siwezi kukisimulia hivyo. Kila tofali la kuba lile lilibebwa na mtu, likapakwa chokaa na mtu aliyeegemea juu ya shimo la kutisha, na mtu huyo alikuwa na nyumba ya kulisha.

Chini ya kuba, pande zake zinapokutana na paa, upande mmoja una baraza ya marumaru yenye matao na zilizobaki ni ukuta mtupu. Baraza ilianzishwa na Baccio d'Agnolo mwanzoni mwa miaka ya 1500. Inasimuliwa kwamba Michelangelo alipoiona akaifananisha na vijumba vya kufugia nyenje, na kazi ikaachwa hapohapo. Mpaka leo haijamalizwa. Pande nyingine za wavu zitakupa jiji: mapaa ya vigae vyekundu yaliyosongamana, mnara wa Palazzo Vecchio, kanisa la Santa Croce, kuba la kijani la sinagogi, na vilima vya Fiesole kaskazini. Upande wa kusini, chini kabisa, utaona magari ya wagonjwa yameegeshwa. Ni ya Misericordia, udugu wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1244, ambao bado unabeba wagonjwa wa jiji hili kutoka makao yake mbele ya mnara.

Ukishashuka, na magoti yakitetema, ingia kanisani. Ndani ni patupu kuliko unavyotazamia, urefu wa mita 153 za mawe na kivuli. Wengi huenda moja kwa moja chini ya kuba kuitazama Siku ya Hukumu iliyochorwa na Giorgio Vasari na Federico Zuccari miaka ya 1570. Msomaji wangu namwomba ageuke nyuma, atazame juu ya mlango mkuu. Pale iko saa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Ina alama 24, ina mshale mmoja, na mshale huo huenda kinyume na saa zetu za ukutani. Mgeni wa Ulaya huhitaji maelezo marefu mbele yake. Sisi hatuyahitaji sana. Saa hii huanza kuhesabu jua linapotua. Alama ya kwanza inafikiwa saa moja baada ya machweo, yaani palepale tunaposema saa moja ya usiku. Tofauti ni kwamba sisi tukifika kumi na mbili alfajiri tunaanza upya, wao waliendelea hadi 24, na kwa kuwa machweo ya kule huhama sana kati ya kiangazi na baridi, saa ilibidi irekebishwe mara kwa mara. Hesabu hiyo ilikuwa na manufaa makubwa kwa mtu wa kazi: ukisoma 20, umebakiwa na saa nne za mwanga. Vivyo hivyo mtu wa pwani yetu akiambiwa ni saa nane ya mchana, anajua jua limebakiza saa nne.

Nyumba ya ubatizo haipitwi na mtu anayependa ufundi. Milango ya mashariki ya Lorenzo Ghiberti, iliyomchukua kuanzia 1425 hadi 1452, ilipigwa na mafuriko ya Novemba 1966 hata vibao vitano kati ya kumi vikang'oka. Iliyopo mlangoni leo ni nakala. Yenyewe, baada ya miaka mingi ya matibabu, iko makumbusho.

Na makumbusho usiyaache kwa uchovu, ingawa uchovu utakuwepo. Humo utakutana na nabii Habakuki wa Donatello, ambaye upara wake umempa jina la utani la Boga Kubwa. Alichongwa ili akae juu ukutani mwa mnara, na Donatello alihesabu umbali: macho yamechimbwa kwa kina, mikunjo ya vazi ni mizito, mdomo uko wazi nusu, ili mtu wa uwanjani amwone. Ukiwa naye uso kwa uso, anatisha kidogo. Vasari anasimulia kwamba mchongaji mwenyewe, akiwa kazini, alikuwa akilipigia jiwe kelele liseme. Hapo karibu viko vibao vya pembe sita, vile vya asili, vimepangwa mahali unapoweza kuvikaribia. Mvua na moshi vimekwisha vilamba. Baadhi ya nyuso zimepoteza pua, na marumaru imepata rangi ya pembe ya ndovu. Tafuta tena tabibu na mfumaji, ulinganishe na nakala ulizoziona nje: hapa utaona alama za patasi.

Nakala zile zilichongwa na watu, na watu wa kazi hiyo bado wapo. Kusini mwa kanisa kuna mtaa mwembamba uitwao Via dello Studio, na humo iko karakana ya Opera. Ukipita siku ya kazi, utasikia nyundo kabla ya kuuona mlango. Mafundi wa mawe wanachonga vipande vya kuchukua nafasi ya vilivyoliwa na hali ya hewa: taji la nguzo, ukanda wa maua, kidole cha mtakatifu. Wanapima kipande cha zamani, wanachagua marumaru inayolingana nacho kwa rangi, wanakiondoa kilichooza, wanaingiza kipya. Kanisa, mnara na nyumba ya ubatizo vina maelfu ya vipande vya namna hiyo, na wanapokwisha upande mmoja, ule mwingine unakuwa umekwisha anza kubomoka.